Kazi ya Kupima ni ya Mwenye Tangi

Adams Arcade, pale Ngong Road inapokutana na barabara ya Elgeyo Marakwet, ni mojawapo ya vitovu vya biashara vya zamani zaidi nje ya katikati ya Nairobi. Jengo la maduka lililopa mahali hapo jina lake lilijengwa miaka ya 1950 na mfanyabiashara Abdul Habib Adam, enzi ambazo Woodley na Kilimani zilikuwa mitaa ya nyumba moja moja zenye bustani. Leo bustani nyingi zimepisha maghorofa, Soko la Toi liko mwendo mfupi upande wa Kibera, na magari hayakatiki tangu alfajiri hadi usiku mkubwa. Magari yanataka mafuta. Wapangaji wa maghorofa wanataka maji. Mahitaji hayo mawili yanakutana katika ardhi ileile: matangi ya petroli na dizeli yamezikwa mita chache chini ya vituo vya mafuta, na visima virefu vimechimbwa katikati ya majengo kwa sababu maji ya mfereji hayatoshi.

Kati ya tangi na kisima kuna udongo, mwamba na maji ambayo hakuna mpita njia anayeyaona. Nani ana wajibu wa kujua hali ya maji hayo? Kwa sasa mzigo huo unamwangukia anayekunywa. Yeye ndiye anayenusa, anayelalamika, anayebeba chupa ya maji kwenda maabara kwa fedha zake, na baadaye anayetafuta wakili. Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba mpango huo umepinduka. Kazi ya kupima ni ya mwenye tangi, ianze siku tangi linapozikwa, na matokeo yake yawe wazi kwa jirani. Sayansi ya uchafuzi wa mafuta inadai hivyo, uzoefu wa Kenya yenyewe unadai hivyo, na Katiba imekwisha kufungua njia.

Jiji linalokunywa kutoka chini

Maji mengi ya mfereji ya Nairobi hutoka mbali, kwenye milima ya Aberdare: bwawa la Ndakaini lililokamilika mwaka 1994, bwawa la Sasumua, bwawa la Ruiru. Kuna pia chemchemi za Kikuyu, zilizotangulia yote hayo. Idadi ya watu imeyapita maji hayo kwa muda mrefu, na mgao umekuwa jambo la kawaida hata katika mitaa ya wenye uwezo. Mwenye jengo la ghorofa nane Kilimani hawezi kuwaambia wapangaji wangoje zamu ya Alhamisi. Anachimba kisima, au ananunua maji ya lori ambalo nalo huenda limejaza kwenye kisima cha mtu mwingine.

Hofu juu ya maji haya si ya jana. Mwaka 1953 serikali ya kikoloni ilitangaza eneo la Nairobi kuwa eneo la hifadhi ya maji ya chini ya ardhi, kwa sababu uchimbaji wa visima ulikuwa umeanza kutia wasiwasi. Tangu hapo visima vimeongezeka mara nyingi na kina cha maji kimeendelea kushuka. Mjadala wa maji ya chini ya Nairobi umekaa zaidi kwenye wingi wake, na kuhusu ubora, kwenye madini ya floridi yanayotoka katika mwamba wenyewe. Mafuta hayatajwi sana. Hiyo ndiyo sababu ya kuyatazama kwa makini.

Ghorofa za mawe

Ardhi ya Nairobi imeumbwa na volkano. Milipuko ya Bonde la Ufa ilimwaga lava na majivu kuelekea mashariki, tabaka juu ya tabaka, kwa mamilioni ya miaka. Majivu yaliyogandamana yakawa yale mawe ya kijivu yaliyochongwa kujengea nyumba nyingi za zamani za jiji. Lava ikawa mwamba mgumu wenye nyufa. Katikati ya vipindi vya milipuko palikuwa na nyuso za ardhi za kale, mito na maziwa, na mashapo yake yamefunikwa humo. Maji hukaa katika nyufa na mashapo hayo, tena katika viwango kadhaa. Yapo maji ya karibu na uso, yanayopanda wakati wa masika ya Machi hadi Mei na kushuka kiangazi. Yapo pia maji ya kina kirefu, mita mia moja, mia mbili na zaidi, yaliyobanwa chini ya mwamba usiopitisha kwa urahisi.

Mfumo huu unafanana na jengo la ghorofa lenye sakafu za zege. Kinachomwagika ghorofa ya juu hakifiki ya chini kwa urahisi, ila pakiwa na ngazi. Ngazi ya Nairobi ni kisima chenyewe. Mtambo wa kuchimba hutoboa sakafu zote. Kama mchimbaji hakuziba kwa saruji nafasi iliyo kati ya bomba la kisima na ukuta wa shimo, akaridhika kujaza kokoto tangu chini hadi juu, ameunganisha maji ya juu na maji ya kina. Kisima kilichoachwa bila kufukiwa ipasavyo hufanya vivyo hivyo, miaka mingi baada ya mwenyewe kuuza kiwanja. Kwa hiyo ukiambiwa kwamba kisima chako ni salama kwa sababu kina mita 250, swali la kurudisha ni moja: kimezibwa kwa saruji hadi mita ngapi?

Jiografia inaongeza uzito. Maji ya chini ya Nairobi hupata mvua yake upande wa magharibi, kwenye nyanda za Ngong, Kikuyu na Limuru, kisha husafiri polepole kuelekea mashariki. Adams Arcade, Dagoretti Corner na Karen ziko upande wa juu wa safari hiyo. Kinachoingia ardhini magharibi kiko njiani kuelekea penye watu wengi zaidi.

Mafuta yakivuja huenda wapi

Petroli ikitoka kwenye tangi lililotoboka au kwenye kiungo cha bomba kilicholegea, huteremka hadi inapokuta maji. Kwa kuwa ni nyepesi kuliko maji, huelea juu yake na kutandaa. Hapo inagawanyika. Sehemu moja hubaki mafuta halisi, mengine yakiwa yamenata kwenye udongo na nyufa. Sehemu ya pili hugeuka mvuke unaopanda hadi kwenye misingi ya majengo. Sehemu ya tatu huyeyuka ndani ya maji na kusafiri nayo. Ya tatu ni ndogo kwa kiasi, na ndiyo inayomfikia mnywaji.

Ndani ya sehemu hiyo, kemikali inayoogopwa zaidi ni benzini, ambayo imethibitishwa kusababisha saratani ya damu. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha juu cha benzini katika maji ya kunywa kuwa mikrogramu 10 kwa lita. Tufanye hesabu. Petroli ikiwa na benzini asilimia 1, lita moja ina karibu gramu 9 za benzini. Gramu hizo zikiyeyuka zote, zinatosha kufikisha lita 900,000 za maji kwenye kiwango hicho cha mwisho. Hayo ni malori 90 ya lita 10,000 kila moja. Ardhini si benzini yote inayoyeyuka na si yote inayosafiri, lakini hesabu inaonyesha kwa nini uvujaji ambao mhasibu wa kituo hauoni unaweza kuwa mkubwa kwa kisima.

Pua haitoshi kuwa mlinzi. Benzini peke yake hainusiki katika maji mpaka iwe imepita kiwango salama mara nyingi sana. Dawa ya klorini haiiondoi. Kuchemsha huifukuza kutoka kwenye sufuria na kuileta kwenye hewa ya jikoni, anapovuta pumzi mpishi na mtoto aliye mgongoni. Vivyo hivyo kwa bafu la maji moto. Familia inayoshuku maji yake ina mafuta isijitibu kwa kuchemsha. Iache kuyatumia na itafute maji mengine hadi vipimo vitoke.

Vituo vya zamani vina tatizo la ziada. Kenya iliacha petroli yenye madini ya risasi mwaka 2006. Kituo kilichouza mafuta kwa miongo kadhaa kabla ya hapo huenda kimeacha ardhini risasi na kemikali zilizoandamana nayo. Vipimo vinavyotafuta benzini pekee havitaziona.

Tena vituo vya mafuta haviko peke yao. Kuna magereji ya kando ya barabara yanayomwaga oili chafu kwenye mitaro, na kuna matangi ya dizeli ya majenereta nyuma ya maghorofa, hospitali na maduka makubwa. Oili nzito haisafiri ardhini kama petroli, lakini dizeli ya jenereta inaweza kuvuja miaka bila mtu kuipima, kwa sababu hakuna anayeiuza na hivyo hakuna anayeihesabu.

Kenya imekwisha kufunzwa

Watu wa Nairobi wanaikumbuka Septemba 12, 2011. Petroli ilivuja kutoka mitambo ya Kampuni ya Mabomba ya Mafuta ya Kenya, KPC, ikaingia mtaro wa maji ya mvua na kufika kijiji cha Sinai, Mukuru. Moto ukawaka, na watu wapatao 100 wakapoteza maisha. Msiba ule ulikuwa wa moto, na moto huonekana. Ule wa maji ulikuja miaka minne baadaye.

Mei 2015, bomba la KPC kati ya Mombasa na Nairobi, lililokuwa limefanya kazi tangu mwaka 1978, lilivuja katika bonde la Thange, Kibwezi, kaunti ya Makueni. Mafuta yaliingia mto Thange na visima vya wakulima waliokuwa wakinywesha mboga na mifugo kwa maji hayo. Bomba la zamani lilipata mrithi, bomba la inchi 20 lililoanza kazi mwaka 2018. Lakini mwaka uliofuata, Machi 2019, bomba jipya nalo lilivuja huko Kiboko, karibu na Makindu, kaunti ileile. Upya wa chuma haukuwa kinga.

Wakazi wa Thange walikwenda mahakamani. Ilikuwa Julai 2025, miaka kumi baada ya mafuta kuingia mtoni, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Makueni ilipoiamuru KPC iwalipe zaidi ya wakazi 3,000 takriban shilingi bilioni 3.8. Ni uamuzi mzito, na haki ilikuwa yao. Lakini miaka kumi inatosha mtoto kuzaliwa na kufika darasa la nne akiwa bado anasubiri maji safi ya babu yake. Fidia hulipa kilichopotea. Kisima hakirudi kuwa kilivyokuwa kwa sababu tu hundi imetoka.

Thange ilikuwa na nafuu moja ambayo Adams Arcade haina: mkosaji alijulikana. Bomba lilikuwa moja na mwenye bomba mmoja. Ngong Road ina vituo kadhaa vya kampuni mbalimbali, vingine vimebadilisha wenyewe mara kadhaa, pamoja na magereji na majenereta. Benzini ikikutwa kwenye kisima cha jengo, kila mmoja atamnyooshea mwenzake kidole, na mkazi atatakiwa athibitishe ni tone la nani. Hapo ndipo umuhimu wa vipimo vya mapema unapodhihirika, kwani vikikosekana ushahidi nao unakosekana.

Namna ya kupima

Ulinzi wa kwanza uko mikononi mwa mhudumu wa kituo. Asubuhi kabla ya mauzo, anafungua mfuniko wa tangi na kuzamisha fimbo ndefu yenye alama. Ncha ya fimbo imepakwa dawa inayobadilika rangi ikigusa maji, ili ajue kama maji yameingia tangini. Anasoma kina cha mafuta, anaandika daftarini, kisha hesabu inafanywa: mafuta ya jana, jumlisha yaliyoletwa na lori, toa yaliyouzwa. Tofauti ikijirudia siku baada ya siku upande wa hasara, kuna jambo.

Njia hii ni ya lazima lakini ina upofu wake. Nchini Marekani, kanuni ya hesabu ya mwezi iliruhusu tofauti ya asilimia 1 ya mafuta yaliyopita, ukiongeza galoni 130. Kwa kituo kinachopitisha lita 200,000 kwa mwezi, hizo ni karibu lita 2,500 zinazoweza kukosekana bila king'ora kulia. Ndiyo maana fimbo husaidiwa na vipima-kina vya elektroniki, majaribio ya kubana mabomba kwa shinikizo, na matangi ya kuta mbili yenye kihisi katikati. Vyote hivyo hulinda tangi. Hali ya maji chini yake inahitaji visima vya kupimia.

Kisima cha kupimia ni bomba jembamba lenye matundu, linalozamishwa hadi kwenye maji ya juu. Matundu yake lazima yavuke uso wa maji, juu na chini yake, kwa kuwa mafuta huelea. Yakianza chini ya uso wa maji, mafuta yatapita juu na kipimo kitasema uongo. Vinahitajika angalau vitatu, kwa sababu viwango vya maji katika sehemu tatu ndivyo vinavyoonyesha maji yanaelekea wapi. Kimoja kiwe upande maji yanakotoka, ili kama uchafu unaingia kutoka kwa jirani ujulikane. Katika mwamba wenye nyufa kama wa Nairobi, vitatu ni mwanzo tu, kwa sababu ufa mmoja unaweza kupeleka mafuta pembeni kabisa ya mteremko.

Siku ya kupima, fundi huteremsha utepe wenye kihisi kinacholia sauti moja kikigusa mafuta na nyingine kikigusa maji. Halafu anavuta maji taratibu, asiyatibue, mpaka joto na chumvi yake vitulie. Chupa za sampuli ni za mililita 40 tu. Zinajazwa pomoni na kufungwa bila kiputo hata kimoja cha hewa, maana benzini hukimbilia kwenye hewa hiyo. Matone ya asidi huwekwa ndani ili vijidudu visile kemikali njiani, na chupa husafiri katika kasha la barafu. Pamoja nazo husafiri chupa moja ya maji safi iliyotoka maabara na kurudi bila kufunguliwa. Ikikutwa na benzini, uchafu umetoka kwenye gari au kasha, na matokeo yote yanatiliwa shaka.

Nimeyaeleza haya kwa kirefu kwa sababu mkazi wa Kilimani anayepewa karatasi ya maabara anastahili kuuliza: sampuli ilichukuliwaje? Chupa ya soda iliyojazwa nusu bombani na kukaa siku mbili kwenye gari inaweza kusema maji ni safi, wakati benzini imetoroka.

Kusafisha, na mipaka yake

Mafuta yakishapatikana ardhini, kazi ya kwanza ni kuziba chanzo: tangi litolewe, udongo uliolowa uchimbwe, na mafuta yanayoelea yanyonywe. Bila hatua hiyo kila njia nyingine ni kufagia huku mtu anamwaga.

Baada ya hapo njia ni nyingi. Mvuke unaweza kuvutwa kutoka kwenye udongo mkavu kwa pampu za hewa. Maji yanaweza kuvutwa juu, kupitishwa kwenye mnara ambamo hewa huibeba benzini, kisha kwenye makaa maalumu yenye vitundu vidogo mno, ambayo mengine hutengenezwa kwa vifuu vya nazi. Hewa inaweza kusukumwa chini ya maji. Vijidudu vya asili vinaweza kuongezewa oksijeni ili vile mafuta kwa kasi. Kemikali zenye nguvu zinaweza kudungwa ardhini ziunguze uchafu huko huko.

Kila njia ina ugumu wake Nairobi. Udongo mwekundu wa magharibi mwa jiji una mfinyanzi mwingi na haupitishi hewa haraka. Katika mwamba wenye nyufa, pampu huvuta kilicho kwenye ufa mkubwa na kuacha kilichojificha pembeni, nacho hurudi taratibu pampu ikizimwa. Masika nayo hupandisha maji na kiangazi huyashusha, hivyo mafuta hupakwa juu na chini kwenye unene wa mita kadhaa. Ukipima kiangazi pekee au masika pekee, umeona nusu ya tatizo. Kuvuta maji kwa nguvu mahali ambapo majirani nao wana pampu ni hatari nyingine, kwani kila pampu huvuta uchafu upande wake.

Anayedhani kwamba kusafisha kutakuja baadaye bila shida aitazame Ogoni, Nigeria. Ripoti ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, lenye makao makuu Gigiri hapa hapa Nairobi, ilieleza mwaka 2011 kwamba katika jamii ya Nisisioken Ogale watu walikuwa wakinywa maji ya visima yenye benzini zaidi ya mara 900 ya kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Chanzo kilikuwa karibu na bomba la mafuta yaliyosafishwa, yaani bidhaa za aina ileile inayouzwa vituoni. Karibu na visima hivyo wachunguzi walikuta tabaka la mafuta la sentimita 8 likielea juu ya maji ya chini. UNEP ilikadiria kwamba kuirejesha Ogoni kungechukua miaka 25 hadi 30, na ikapendekeza mfuko wa kuanzia wa dola bilioni 1.

Je, si hofu iliyokuzwa?

Wapo wataalamu watakaosema natia chumvi, na hoja yao ina nguvu. Mwaka 1979 bomba la mafuta ghafi lilipasuka karibu na Bemidji, Minnesota, nchini Marekani. Wanasayansi wamelichunguza eneo hilo tangu mwaka 1983 na kukuta kwamba vijidudu vya ardhini vilikula sehemu kubwa ya benzini, hata uchafu uliokuwa majini haukusafiri mbali kama ilivyotarajiwa. Utafiti wa California wa mwaka 1995 juu ya matangi yaliyovuja ulionyesha kuwa mawingu mengi ya uchafu ardhini hayakuzidi mita 80 hivi kwa urefu. Ongeza sakafu za mwamba wa Nairobi zinazolinda maji ya kina, na mtu anaweza kusema: ardhi itajisafisha, tusiwabebeshe wafanyabiashara gharama.

Nakubali nusu ya hoja hiyo, na nusu hiyo ni muhimu. Si kila uvujaji unahitaji mitambo ya mamilioni. Mahali pengi njia ya busara ni kuondoa chanzo, kisha kuiacha ardhi ifanye kazi. Lakini Bemidji ni mchanga, nasi tuko kwenye nyufa. Mita 80 ni mbali katika shamba la Minnesota, ila Kilimani ni umbali wa jengo moja au mawili, na jengo hilo huenda lina kisima. Kisha kuna jambo linalosahaulika kila njia hii inapotajwa: jina lake kamili kwa wataalamu ni kujisafisha kunakofuatiliwa. Bemidji tunaijua kwa sababu imepimwa kwa zaidi ya miaka 40. Ardhi ikiachwa bila kupimwa, hakuna anayeweza kusema kama imejisafisha. Kwa hiyo hoja ya vijidudu, ikifuatwa hadi mwisho, inaongeza haja ya visima vya kupimia.

Sheria ipo, pesa zinaweza kupatikana

Kenya haianzi na mikono mitupu. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 inataka tathmini ya athari kabla ya mradi kama kituo cha mafuta, na kanuni zake za mwaka 2003 zinadai ukaguzi wa mazingira kila mwaka baada ya hapo. Mamlaka ya mazingira, NEMA, inaweza kutoa amri ya kurejesha mazingira. Sheria hiyohiyo iliunda Mfuko wa Taifa wa Kurejesha Mazingira kwa ajili ya uharibifu ambao mkosaji wake hajulikani, jambo ambalo mtaa wenye vituo vingi utalihitaji. Leseni za kuuza mafuta ziko kwa mamlaka ya nishati na petroli, EPRA, chini ya Sheria ya Petroli ya mwaka 2019. Vibali vya kuchimba visima viko kwa mamlaka ya rasilimali za maji, WRA, chini ya Sheria ya Maji ya mwaka 2016.

Kasoro ni kwamba mamlaka hizi tatu zinatazama ardhi moja kupitia madirisha matatu. Anayeomba kibali cha kisima na anayeomba leseni ya kituo wanaweza kuwa majirani wa ukuta mmoja huku majalada yao yakikaa kwenye ofisi tofauti. Ramani moja inayoonyesha matangi na visima, iliyo wazi kwa mamlaka zote tatu na kwa umma, ingefanya kazi kubwa kuliko sheria mpya.

Katiba ya mwaka 2010 inampa raia zaidi ya anavyodhani. Kifungu cha 42 kinampa haki ya mazingira safi, cha 43 haki ya maji safi na salama, na cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani bila kulazimika kuonyesha kwamba kuna mtu aliyekwisha kupata hasara au madhara. Kwa hiyo si lazima kusubiri mgonjwa. Kifungu cha 35 na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 zinampa njia ya kudai ripoti ya ukaguzi wa kituo kilicho mlangoni pake. Nazo mahakama hazijalala. Katika kesi ya Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwasumisha wakazi kwa risasi, Mahakama ya Juu ilirejesha Desemba 2024 fidia ya shilingi bilioni 1.3, na taasisi za serikali zilibebeshwa sehemu ya lawama. Mkaguzi asiyekagua naye analipa.

Pesa? Tangu Julai 2024 kila lita ya petroli na dizeli inatozwa shilingi 25 za matengenezo ya barabara. Hakuna senti inayotengwa kwa maji yaliyo chini ya barabara hiyo. Marekani iliamua mwaka 1986 kutoza sehemu ya kumi ya senti kwa kila galoni kwa ajili ya matangi yanayovuja, na kwa tozo hiyo ndogo pamoja na fedha za wenye matangi na mifuko ya majimbo, imeshughulikia uvujaji zaidi ya nusu milioni, mwingi wake ukiwa umekwisha kusafishwa. Senti chache kwa lita zingetosha Kenya kuanza na vituo vya zamani ambavyo wenyewe hawapatikani tena.

Kinachotakiwa

Mabadiliko makubwa yanaweza kupita mlango mmoja, ule wa kuhuisha leseni. EPRA isihuishe leseni ya kituo chochote Nairobi bila ripoti ya visima vya kupimia vilivyopimwa mara mbili kwa mwaka, mwisho wa masika na mwisho wa kiangazi. Ripoti hiyo itolewe na maabara isiyochaguliwa na mwenye kituo peke yake, na iwekwe mahali jirani anaweza kuisoma. WRA isikubali kisima kipya bila ushahidi wa saruji iliyozibwa, na iwadai wenye visima vilivyoachwa wavifukie. Kaunti iwaandikishe wenye matangi ya majenereta, kwa sababu tangi lisiloandikwa halikaguliwi.

Wakazi nao wana sehemu yao. Chama cha wenye nyumba kinachonunua kamera za usalama kinaweza kulipia kipimo cha hidrokaboni, yaani kemikali za mafuta, cha kisima chake mara moja, leo, kabla ya shida yoyote. Kipimo hicho cha mwanzo ndicho kitakachoonyesha siku moja kwamba maji yalikuwa safi na kisha yakachafuliwa. Lakini kisiwe kisingizio cha kumwacha mkazi peke yake. Anayeuza mafuta amechagua kuzika hatari ardhini kwa ajili ya faida halali. Anayefungua bomba jikoni hakuchagua lolote. Gharama ya kujua imfuate aliyechagua, na masharti ya leseni yaandike hivyo waziwazi.